Kundalini Kwenye Foleni ya Mpondwe

Jumatatu, 14 Julai

Ijumaa Hajara, mfanyabiashara wa mazao, anapeleka Kongo malori mawili ya nyanya. Moja kampa Hamuza, wakala mwenzangu, moja mimi. Atakayevusha kwanza mpaka wa Mpondwe ndiye wakala wake wa forodha daima. Hamuza akanicheka usoni. Kenge!

Mgongo ukaniuma kwa hasira. Jioni nikaenda Kasese, darasa la yoga ya Kundalini la Ketura, kule Bulembia. Tukapumua, tukajipinda, tukaimba. Mwishoni tukalala chali, Ketura akapiga upatu wa shaba. Watu wazima kumi na mmoja, wote fofofo! Nilipoamka, mgongo hauumi. Na kichwani kuna mpango.

Madereva wote wa foleni walale. Lori langu lipite kando.

Jumanne, 15 Julai

Nimemwomba Ketura anifundishe kufundisha. Anasema nifanye mazoezi kwanza siku arobaini. Nguvu iliyolala chini ya uti wa mgongo haiamshwi kwa pupa. Nikamwambia sitaki kuamsha chochote, nataka kulaza. Hakucheka. Akanifundisha kuimba Sat Nam, yaani jina langu ni kweli. Nikaimba. Nikapaliwa.

Alhamisi, 17 Julai

Upatu Ketura kaninyima. Nimepata rimu kuukuu kwa fundi wa matairi. Linalia vizuri mno! Nimewatangazia madereva: kesho saa nne, dawa ya mgongo, bure. Dereva wangu Hilaire, mtu wa Beni, nimempa siri: rimu likilia mara ya tatu, ruka, washa, pita. Akasema hakuna shida.

Ijumaa, 18 Julai

Malori kumi na manane. Madereva kumi na saba wakaja! Tukakaa juu ya maturubai, kivulini mwa trela. Nikawafundisha pumzi ya moto: haraka haraka puani, tumbo likipiga. Shafik, dereva wa saruji, akapiga chafya mpaka kofia ikamtoka. Mikono juu dakika tatu. Wanaume wazima wakalia. Kisha chali.

Rimu mara ya kwanza. Miguno. Mara ya pili. Mikoromo. Mara ya tatu... Hilaire hakuruka! Nikamtikisa. Nikamvuta sikio.

"Patron, niache," akasema, macho kafumba. "Tangu nitoke Beni sijalala muzuri hivi."

Mimi kuendesha sijui. Lango la mpaka likafunguliwa. Nikasikia injini. Bright, dereva wa Hamuza, mlokole, ndiye peke yake aliyegoma kuja. Eti mchungaji wake hataki yoga. Alikuwa wa mwisho kabisa kwenye foleni. Akatupita wote polepole, akipunga mkono. Hamuza kando yake, anakula nyanya ya Hajara.

Jumamosi, 19 Julai

Hajara kamchukua Hamuza. Anasema hajawahi kuona wakala anayemlaza dereva wake mwenyewe.

Madereva wakanitafuta. Nikajificha chooni. Wakanisubiri mlangoni. Shafik akauliza yoga ya kesho iko saa ngapi, migongo imelegea kabisa! Nikampigia Ketura. Atakuja kuwafundisha kila Jumatano, mradi nami niwe mwanafunzi, siku arobaini. Niliona aibu kidogo. Kidogo.

Jumatatu, 21 Julai

Nimekunja miguu, nimetafakari saa nzima. Mpango haukuwa na kosa. Kosa ni Bright, hakulala.

Ijumaa Bright anavusha vitunguu vya Hajara; akilala, Hajara atanirudia mimi. Kwa hiyo leo nimejiunga na kwaya ya kanisa la Bright, kule Kisinga. Nimemwambia mchungaji nina mazoezi ya pumzi kwa waimbaji, na kwamba mwishoni watu hulala chali kidogo. Amefurahi sana. Ijumaa, saa nne.

Bright anaimba besi. Nitamlaza mstari wa mbele.