Mgonjwa wa Mgongo Aliyetaka Kuona Bahari

Wenzangu, leo nimepata haya ya kujaza gunia zima.

Niko cyber, hapa Butembo mjini, kofia imenishuka hadi puani. Naandika haraka kabla groupe, jenereta ya hapa, haijaishiwa mafuta. Tulisoma pamoja, mnanijua, na mko mbali, hamwezi kuja kunichekea usoni. Someni, halafu mfute.

Mnajua nafundisha géographie. (Miaka kumi na miwili nachora bahari ubaoni. Sijaiona hata moja.) Mnajua pia kwamba tangu vita hivi vianze, nimesafiri kuliko watalii. Nimefika Kipese, godoro kichwani. Nimefika Oicha, godoro lilelile, limepungua pamba. Nimelala msituni karibu na Mangina siku tatu, mvua inaninyeshea. Mais safari zote hizo kulikuwa na mtu nyuma yangu anapiga risasi. Basi nikajiambia: mara moja tu maishani mwangu nisafiri bila kukimbizwa. Nataka congé, likizo ya kweli! Nataka kulala juu ya mchanga, niangalie maji, nisifanye lolote.

Matajiri wa hapa kwetu wanaenda Dubai kama vile unavyoenda sokoni. Ukimuuliza mmoja Dubai ikoje, atakwambia bei ya friji. Bahari iko pale, mbele ya pua yake, yeye kaipa mgongo, anahesabu mafriji! Nimewadharau watu hawa miaka mingi. Mimi ningesafiri kama mtu aliyesoma.

Na kwa bei ya mwalimu. Donc: toka Beni hadi Entebbe, ndege ya mizigo, ambayo wanakuchukua kwa bei ya huruma ukikubali kukaa juu ya magunia. Toka pale hadi Mombasa, lori, dereva ni shemeji wa jirani yangu. Kulala, kwa huyo dereva. Kula, mayai ya kuchemsha. Kofia, ile ya majani ya shambani. Miwani myeusi, ya kuazima, kioo kimoja kina ufa. Bahari yenyewe, kufuatana na vitabu vyangu, hawalipishi.

Kilichobaki ni ruhusa. Mkuu wetu wa shule, Préfet, ni mtu ambaye hajawahi kupumzika, na anaona kupumzika ni ugonjwa wa wazungu. Ningemwambia nini? Watu wanazika ndugu zao, mimi nataka kuota jua? Kanisani wangeniombea mapepo yanitoke. Na mke wangu Masika, basi, huyo sikuthubutu hata kumtazama machoni.

Nikaumwa mgongo.

Ah, niliumwa vizuri! Wiki mbili natembea nimeinama kama ninatafuta sindano. Nikasema kuna daktari Kampala. Préfet akanipa ruhusa, akanishika bega. Jumapili pastor akaniita mbele, akaniwekea mikono, mama wa chorale, kwaya yetu, wakalia machozi ya kweli. (Na mimi nikalia. Nililia vizuri kuliko wao.) Jana Masika akanifunga kitenge chake kiunoni, akanipa fimbo, akanisindikiza hadi kwenye gari la Beni.

"Papa Muhindo, uende muzuri," akasema. "Hapana kubeba kitu cha nguvu."

Nikaguna kwa maumivu. Nikapanda. Nilikuwa naona mchanga wa bahari tayari.

Leo asubuhi, kiwanja cha ndege cha Beni. Kuna barrière, kizuizi cha askari wa hawa wanaotutawala kwa sasa. (Msiniulize jina la chama. Limebadilika tena.) Mmoja wao, macho mekundu, akanitazama mkono.

"Professeur, pesa ngai montre wana."

Kwa Kilingala "pesa" maana yake ni "nipe". Kwetu "pesa" ni pesa. Askari hawa wameunganisha lugha zote mbili wala huoni mshono! Nikampa saa yangu. Akasema ni mchango wa vita. Sawa. Nikapita, nimeinama, fimbo mkononi, bila saa.

Ndani ya ndege hakuna viti. Hakuna madirisha, isipokuwa moja dogo lililopakwa rangi. Kuna magunia ya kahawa hadi juu, na juu ya magunia kuna mama mmoja mnene, mfanyabiashara wa vitenge, ametandika mkeka kama yuko sebuleni kwake. Jina lake Mama Kavira. Rubani ni mzungu asiyecheka, anayejua maneno mawili tu ya Kiswahili: "panda" na "toka". Alituambia "panda". Tukapanda.

Kabla ndege haijaondoka nikameza vidonge viwili vya kuzuia kutapika. Mwenye duka la dawa alisema kimoja kinatosha. Mais mimi nimesoma.

Tulipoiacha ardhi, nikanyooka. Nikaenda nyuma ya magunia, nikafungua kitenge cha Masika, nikavua suruali na koti la ugonjwa. Nikafungua mfuko wangu, nikavaa kaptula. Shati la maua. Miwani. Kofia. Nikarudi mtu mpya! Mama Kavira akanikagua kutoka juu hadi chini.

"Professeur, ule mugongo?"

"Mama, mugongo nimeuacha Beni."

Nikamweleza yote. (Kwa nini? Sijui. Furaha ilinifanya mjinga.) Nikamwambia habari ya bahari, ya chumvi, ya maji kujaa na kupwa. Nikamwambia Butembo ni mji wa watu wasiojua kitu ila kuuza. Nikamwambia hata yeye, kwa heshima zote, anapita dunia hii kama gunia, anapakiwa na kupakuliwa. Alikuwa anakula karanga. Hakunijibu. Alinitazama tu, akatikisa kichwa polepole, na mimi nikafikiri anavutiwa.

Halafu vidonge vikanipiga. Nikalala kama jiwe.

Nikashtuka magurudumu yakigonga chini, pwa! Magunia yakaruka, na mimi pamoja nayo. Tumefika! Nikatafuta saa mkononi, hakuna saa. Mais kichwa kilikuwa kizito, mdomo mkavu, dalili zote za mtu aliyelala muda mrefu. Entebbe! Mlango ukafunguliwa. Rubani akasema neno lake la pili: "Toka!"

Nje ni ukungu mzito, na manyunyu. Huoni hata ncha ya bawa. Baridi ikanishika magotini. Kwa kweli sikutegemea baridi ile, mais mwalimu wa géographie hakosi maelezo.

"Ni hewa ya ziwa," nikamwambia Mama Kavira. "Ziwa kubwa linapoza hewa."

"Aah," akasema. "Njo vile?"

Nikasimama mlangoni, mikono kiunoni. Kulikuwa na harufu ya mikaratusi. Nikavuta pumzi ndefu hadi shati la maua likabana.

"Mama, sikia hewa hii! Hewa ya nchi yenye serikali! Kule Butembo unaweza kuvuta hewa kama hii? Hata miti ya hapa wameipanda kwa mpango!"

"Professeur," akasema, "shuka pole pole, kuko matope."

Hata matope nikayasifu. Nikasema ni mekundu kwa sababu yana rutuba. (Nilisema. Kwa sauti. Kuna mashahidi.)

Chini, katika ukungu, nikaona mtu amesimama na mwavuli mweusi, koti refu, wima kama nguzo. Nikajua huyu ni mtu wa serikali yao. Nikamwendea, nikavua kofia, nikamsalimia kwa Kiingereza changu chote. Nikamwambia mimi ni mtalii. Nikamwuliza wapi wanagonga muhuri, na njia ya kwenda baharini ni ipi. Nikaongeza, kwa Kiingereza hichohicho, kwamba nimefurahi kutoka katika nchi ya washenzi.

Mwavuli ukapanda juu kidogo.

"Wavukire, Professeur," akanisalimia, kwa lugha ya kwetu, Préfet wangu.

Wenzangu! Upepo ukapita, ukungu ukafunguka kama pazia, nikaona kilima. Nikakijua. Nikaona barabara inayoteremka mjini. Nikaijua, ninaipita kila siku! Ilikuwa Rughenda. Kiwanja cha Butembo. Mji wangu. Ndege ilikuja kuongeza kahawa ya tajiri mmoja wa hapa, ndipo iendelee na safari yake. Nililala robo saa.

Na nyuma ya Préfet, pastor. Na nyuma ya pastor, mama wa chorale, nane au tisa, wamejifunika mvua. Na mbele yao, kikapu mkononi, Masika.

Binamu yangu wa Beni, mtu mwema asiye na akili, aliwaita kwa phonie, redio ya mawasiliano, asubuhi: ndege ya mgonjwa itapita Butembo. Basi wakaja wote, na mvua ile, kuniombea mara ya mwisho na kunipa chakula cha njia. Kuku mzima wa kuchemsha! Mnajua siku hizi kuku ni nini. Askari wamekula wote. Sijui walimtoa wapi huyo.

Wote walikuwa wanatazama kaptula. Nina miguu myembamba, mnakumbuka.

Mtu mwenye heshima angepiga magoti aseme ukweli. Mimi nikainua mikono yote miwili juu.

"Haleluya!" nikapiga kelele. "Nimepona! Bwana amenigusa angani!"

Mama mmoja akapiga kigelegele, na wote wakafuata. Chorale ikaimba papo hapo, katika matope. Pastor akanikumbatia, akaniinamisha, akaninyoosha, akaniinamisha tena, ili wote waone. Nikainama na kunyooka kama mtu wa gimnastiki. Nikafikiri nimeokoka! Nikafikiri: dakika tano za nyimbo, wananibariki, narudi ndegeni, kwaheri.

"Bwana asifiwe," akasema Préfet. Hakuwa anaimba. "Donc, Professeur, mutu mwenye kupona iko naenda kwa daktari kufanya nini?"

Nikapiga hatua moja kuelekea ndegeni.

"Kesho saa moja na nusu," akasema Préfet. "Darasa la tano banakungojea."

"Na siku ya yenga utatoa ushuhuda," akasema pastor, machozi yanamtoka. "Batu bote basikie. Nitaita na ba kanisa zingine."

Masika hakuimba wala kulia. Alikuwa amepanda ndegeni mwenyewe, akashuka na mfuko wangu, fimbo, na kitenge chake. Akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini:

"Mungu akiponyesha mutu, anamuvalisha na kaptula?"

Maandiko hayasemi.

Ndege ikawashwa. Mama Kavira alikuwa amesimama mlangoni, karanga mkononi. Nikamwomba kwa macho anyamaze. Akanyamaza hadi nikaanza kushukuru. Ndipo akapaza sauti kushinda mashine:

"Professeur! Hapana sikitika! Nitamusalimia ule daktari wako! Ule wa mu mayi ya chumvi!"

Mlango ukafungwa. Ikaondoka. Niliitazama hadi ilipomezwa na mawingu, na kwa mara ya kwanza leo mgongo ukaniuma kweli.

Tukateremka mjini kwa miguu. Kaptula, mvua, sokoni katikati. Chorale inaimba nyuma yangu. Wanafunzi wangu walitokeza madirishani kunitazama. Muuza mkate akauliza kama wazungu wamerudi. Masika alitangulia, hatua kumi mbele, kama hatujuani.

Nyumbani akafunga mlango. Akaweka kuku mezani.

"Ule daktari wa mayi ya chumvi, jina lake nani?"

Nikasema yote. Bahari, lori, mchanga, congé. Nikangoja sahani iruke. Haikuruka. Alikaa kitako, akavunja paja la kuku, akaanza kula, taratibu, bila kunikaribisha.

"Siku ya kukimbilia Oicha," akasema, "nani alibeba mutoto?"

"Ni weye."

"Na sufuria, na maharagwe, na mama yako kwa mukono?"

"Ni weye, Masika."

"Miye sichoki?" akauliza. "Miye sina macho ya kuona bahari?"

Wenzangu, nimetukanwa na maprofesa, nimetukanwa na askari wa majeshi manne. Sijawahi kupigwa namna hiyo. Miaka mingi nimedharau mji mzima kwa kutojua kitu ila biashara, na mtu ninayelala naye sikumfikiria hata kama mzigo wa kupakia. Matajiri wa Dubai angalau wanawaletea wake zao friji.

Nikamwomba msamaha. Nikamwambia nitaenda kwa pastor leo jioni, nimwambie ukweli.

"Hapana," akasema Masika, anajifuta midomo. "Batu banafurahi. Mwaka huu ni mara ya kwanza banafurahi. Utatoa ushuhuda. Na miye nitakaa mbele kabisa. Nataka kukutazama ukisema."

Donc ndiyo hivyo. Nina siku nne, hadi Jumapili, za kutunga muujiza, na mke wangu amekwisha fua kaptula, anasema mashahidi lazima waione.

Ni hiyo Jumapili, siku ya yenga, saa tatu. Mwenye kunipenda abaki kwake.