Shirley wa Nyumba ya Pili

Jumatatu, 2 Machi 2015
Binti yetu ana siku mbili na hana jina. Mama mkwe, Bi Redempta, amekuja huku ughaibuni kutoka Moshi na jina tayari: lake. Mimi nataka jina la Kiingereza lililotokana na mahali. Mtu wa jina hilo anatembea na kiwanja chake. Geofrey wa kanisani alimwita binti yake Chelsea, mtaa wa London, sasa kila Jumapili anaulizwa matokeo ya mechi. Mimi sikosei hivyo. Nimeazima kitabu cha majina maktaba. Fomu ya cheti cha kuzaliwa inatakiwa Ijumaa.

Jumanne, 3 Machi
Nimependekeza Kimberly. Kwa mama mkwe sisemi moja kwa moja, ni adabu. Nasema kwa mke wangu Elinaja, kwa sauti inayofika jikoni. Jibu likarudi kwa njia hiyo hiyo: Kimberly ni nani? Nikasema ni mahali. Mama akauliza kama mahali hapo pataleta kanga mtoto akitimiza siku arobaini. Kwao mtoto hupewa jina la mtu, na mtu huyo ndiye somo wake. Nimemaliza ugali, nikarudi kwenye kitabu.

Jumatano, 4 Machi
Nimepata! Shirley. Zamani palikuwa mahali tu, uwanda wenye mwanga katikati ya msitu. Likawa jina la ukoo, wakapewa wavulana, mwishowe wasichana. Na Shirley tunaye, nyumba ya pili, miaka sabini na tisa. Tumenuniana tangu Novemba kwa sababu gari langu hukaa mbele ya mlango wake. Nikavuka theluji kumwomba awe somo. Nilitaka aseme ndiyo, arudi kwenye televisheni yake. Badala yake alilia. Alisema hajaombwa jambo zuri hivyo miaka mingi. Niliona aibu kidogo, ikapita.

Alhamisi, 5 Machi
Shirley amegonga saa moja asubuhi na bakuli la viazi, nyama ya kusaga na jibini. Mama mkwe hajui Kiingereza, Shirley hajui Kiswahili. Kufikia saa nne walikuwa wanamcheka mtu, nadhani mimi. Elinaja amemtafsiria kazi za somo. Mojawapo, kumbe, ni kumtuma baba wa mtoto. Nimekoroga uji. Nimeshika chepe, nimezoa theluji kwake, kisha kwetu. Gari nimelihamisha. Si neno, kesho jina langu linaandikwa.

Ijumaa, 6 Machi
Kalamu mkononi, nikamwomba Shirley athibitishe. Akasema hajawahi kulipenda jina lake. Darasani walikuwa Shirley saba. Mwalimu akiita, wanasimama wote. Kama somo ana sauti, yeye anachagua Redempta, hajasikia jina zuri kama hilo. Elinaja alitafsiri polepole, kwa raha zake. Mama mkwe akatazama dirishani kwa unyenyekevu mwingi. Nikaandika. Herufi nane, kila moja imeniuma.

Jumamosi, 7 Machi
Theluji tena. Nimezoa kwa Shirley, maana nimeelezwa kwamba somo ni somo hata jina likibadilika. Redempta mdogo amelala kifuani kwangu saa nzima. Nakiri jina linamkaa, na nampenda mno. Kosa langu nimeliona: nilichagua somo asiyelipenda jina lake. Kitabuni kuna Bradley, uwanda mpana, na ng'ambo ya barabara kuna mzee Bradley, jina kaliandika mwenyewe kwa herufi kubwa kwenye pikapu yake. Nimempungia mkono mara mbili, yeye mara moja. Nimemwambia Elinaja tuanze kumfikiria mtoto wa pili. Amenikabidhi chepe.