Namna ya Kumkasirisha Muuza Tofu

Jumatatu, 3 Machi

Siku kuu! Baba Mkubwa Baichuan anastaafu. Kiti chake cha utabibu pale zahanati atakikalia yeyote atakayemfanya Mzee Qiu, muuza tofu ya soya, ale chakula. Wiki iliyopita mzee alifungwa sataranji na Kinyozi Hou. Tangu hapo ameinamia ubao, anawaza, bakuli haligusi. Wagombea ni wawili: mimi, Ruan Zhongqi, mtaalamu, na binamu yangu Suyin, anayesaga mizizi na kusema tuone kwanza.

Rahisi mno. Katika tiba yetu kila kiungo na kila hisia ina asili yake kati ya tano: Mti, Moto, Udongo, Chuma na Maji. Mawazo ni ya Udongo, na wengu unaosaga chakula ni wa Udongo, ndiyo maana hali. Mti huushinda Udongo kwa mizizi yake. Na hasira ni ya Mti! Basi mzee akasirishwe, atakula. Tena miti inachipua, haya ndiyo majira ya Mti. Suyin aliuliza kama nimempima mapigo ya mshipa. Nikamwambia hayo ni mambo ya wanafunzi.

Jumanne, 4 Machi

Nimesimama dukani mbele za wateja, nikatangaza kwamba tofu ya Qiu inanuka soksi. Mzee akasema huenda ni kweli, akarudi ubaoni. Aliyekasirika ni mkewe. Mkono mzito, mama yule, na ndoo ya maji ya soya ilikuwa karibu. Nimelowa mpaka viatu.

Ila majirani wanasema mchana mama huyo alikula chakula cha watu wawili. Kwa hiyo dawa inafanya kazi! Imeingia mdomo usio wake tu.

Jumatano, 5 Machi

Nimeongeza dozi. Nimemweka Kinyozi Hou chini ya dirisha la mzee amkejeli. Alifurahi kuliko nilivyopenda. Akapaza sauti: "Wee Qiu! Toka nje nikufunge tena, leo nafumba macho!"

Mzee akacheka. Balaa! Kicheko ni Moto, Moto huacha majivu, majivu ni Udongo. Yaani nimemzidishia ugonjwa. Nikamwamuru Hou afunge domo. Hou akanuna, akaenda kufakamia maandazi ya nyama. Mji mzima unapona isipokuwa mgonjwa wangu.

Ijumaa, 7 Machi

Leo sikufanya masihara. Nimeingia kwa kishindo nikaupindua ubao. Kete zikatawanyika. Kete moja, mzinga mwekundu, ikabingirika hadi kwenye kinu cha soya, ikasagwa laini.

Mzee Qiu alisema pole. Pole! Aliniambia mimi pole!

Kumbe ubao si wake. Ni wa marehemu babu, Baba Mkubwa alimwazima. Baba Mkubwa alikuwa amesimama mlangoni, mwekundu kuliko ule mzinga. Aliniita ng'ombe, kisha akaomba radhi kwa ng'ombe.

Wakati huohuo Suyin, aliyekuja naye, akamwomba mzee afungue mdomo. Jino! Gego bovu. Mzee alikuwa anamwogopa mng'oa meno, akaona heri ajifanye ana mawazo. Limeng'olewa kabla ya chakula cha jioni. Amekula uji wa wali, akaongezewa, akaomba tena.

Kiti amepewa Suyin. Miaka yote hii nimekitamani kiti kile. Nimelia, nakiri.

Jumamosi, 8 Machi

Nimetafakari. Jino ni mfupa, mfupa ni wa figo, figo ni Maji, na woga pia ni Maji. Udongo huyazuia Maji. Kumbe nilikosea hatua moja tu! Suyin anasema nilikosea kutomtazama mdomoni. Ana akili finyu, maskini.

Baba Mkubwa bado amefura, hataki hata kunisikia. Hasira tupu. Mti. Na Mti hukatwa na Chuma, na Chuma ni huzuni! Nikimtia huzuni nzito, hasira itakwisha, naye ataona nani alistahili kiti.

Kesho asubuhi nampelekea habari kwamba mkewe, Mama Mkubwa, amefariki huko kwa dada yake alikokwenda kutembea. Kilio nimeshakifanyia mazoezi, na Hou ameniazima shuka lake jeupe la kunyolea nijifunge kichwani kama mfiwa. Lazima niwahi. Mama Mkubwa mwenyewe anarudi na basi la saa sita.