Kitu Chenye Namba Hakichomwi

Jumatatu, 4 Machi

Baba mkwe amehamia kwetu leo. Alhamisi anafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na hospitali iko karibu na kwetu kuliko kwake. Amekuja na begi, redio, na boksi la mbao alilolipakata njia nzima kama kichanga. Nilipotaka kumpokea akalikumbatia. Mke wangu alipotaka kumpokea akampa.

Ndani mna sigaa saba. Si sigara za kawaida. Ni zile kubwa, nene kama kidole gumba, za kukunjwa kwa mkono. Shemeji yangu, fundi mitambo wa melini, alimletea miaka mitatu iliyopita. Chini ya kifuniko kuna cheti: zilitengenezwa mara moja tu, boksi mia tatu dunia nzima, hazitatengenezwa tena. Hili ni namba 212. Nikakisoma mara mbili. Sita zina ukanda wa karatasi ya kijani kiunoni. Ya saba haina, nadhani ulidondoka njiani.

Mzee ametangaza mezani kwamba akifunguliwa jicho na akaona, Jumamosi wanaume watatu watakaa barazani na kuzimaliza zote: yeye, shemeji, na huyu karani. Asipoona, zigawiwe majirani, maana kuvuta bila kuuona moshi wako ni kumeza joto bure.

Huyu karani ni mimi. Miaka kumi na moja nimemuoa binti yake. Sijaitwa mwanangu hata kwa bahati mbaya.

Jumanne, 5 Machi

Sikufanya kazi leo. Nilikaa masjala nikiwaza zile sigaa.

Nina miaka kumi na tisa kwenye chumba kile. Najua kinachotunzwa na kinachotupwa. Kuteketeza hata barua ya likizo ya mtu aliyestaafu zamani kunahitaji kamati ya watu watatu na saini tatu. Na hawa wanataka kuichoma namba 212 bila hata kikao! Kitu chenye namba hakichomwi. Hilo kwangu halina mjadala.

Jioni nikamwambia Mzee kwa adabu zote kwamba sigaa kama zile ni za kuhifadhi, wajukuu waje wazione. Akaniuliza kama wajukuu nao watakuwa wanaziangalia tu. Nikasema ndiyo. Akauliza na watoto wao je. Nikasema na wao pia. Akasema basi ukoo mzima utakaa unatazama boksi, na akaongeza sauti ya redio.

Shemeji akapiga simu. Anafika Jumamosi. Mke wangu akamweleza wazo langu. Nikamsikia akicheka kutoka huko huko melini. Akasema nisalimiwe, Bwana Faili, na nikumbushwe kununua kiberiti.

Tutaona.

Jumatano, 6 Machi

Nimelala na wazo, nimeamka na mpango.

Kazini kwetu asilia haitoki nje. Anayetaka kusoma hupewa nakala. Kwa nini sigaa zisifuate utaratibu? Mzee haoni zaidi ya pua yake, na pua yenyewe ina mafua tangu Jumapili. Kwa hiyo asubuhi, Mzee akiwa bafuni, nikachukua cheti nikaenda nacho kazini. Nikakitoa nakala safi kabisa, mkono ukagonga muhuri wenyewe kama ilivyo kawaida, nikakunja. Dukani nikachukua sigaa saba za ovyo, unene ule ule. Mchana Mzee akasinzia kwenye kochi. Dakika mbili tu. Za dukani zikaingia boksini pamoja na nakala ya cheti. Zile za kweli na cheti chenyewe zikaingia kwenye kopo la biskuti, na saa nane kopo lilikuwa limefungiwa kwenye kabati la masjala, baina ya faili la Mifereji na la Misiba.

Jioni Mzee akalifungua boksi. Akahesabu kwa vidole, saba. Akainua moja akanusa kwa muda mrefu. Akasema zimezidi kuiva.

Ilibidi niende jikoni nikacheke huko.

Alhamisi, 7 Machi

Hospitali. Mimi na mke wangu kwenye benchi la mbao, mlango wa chumba cha upasuaji mbele yetu. Mzee kabla ya kuingia alimkabidhi muuguzi meno ya bandia, na boksi akamkabidhi binti yake. Alijifanya hana wasiwasi, lakini alimuuliza daktari swali moja mara tatu: ataona rangi?

Mke wangu alinishika mkono saa nzima. Nikaomba Mungu Mzee aone. Halafu nikakumbuka kwamba akiona, mpango wangu uko hatarini, kwa kuwa sigaa za dukani hazina mikanda ya kijani. Nikaomba tena aone. Sijui nilikuwa nimeingiwa na nini.

Mikanda nitajua la kusema. Nitasema gundi ilikauka.

Ijumaa, 8 Machi

Anaona!

Daktari alifungua bandeji saa tatu asubuhi. Mzee akapepesa, akamtazama binti yake, akamwambia siku hizi amefanana na mama yake. Mke wangu akalia, mimi nikalia, muuguzi akatuletea karatasi za kufutia. Sijawahi kuona raha ya namna hii kwenye chumba chenye harufu ya dawa. Kisha Mzee akanigeukia mimi, akanitazama juu mpaka chini. Akasema alidhani mimi ni mrefu zaidi.

Tangu hapo anasoma. Amesoma matangazo yote ya ukutani. Kwenye gari kasoma mabango, namba za magari, na onyo la kutotema mate. Nyumbani kasoma pakiti ya maziwa na kututangazia siku yatakapoharibika. Haachi kitu chenye herufi.

Saa kumi, akisoma kalenda kwa sauti, ndipo nilipokumbuka ule muhuri. Herufi kubwa nyekundu, katikati ya cheti. NAKALA.

Miaka kumi na tisa hakuna karatasi iliyotoka kwenye mashine ile bila muhuri, na mkono wangu haukuuliza hii inakwenda wapi. Sasa boksi haliachi. Analo kwenye kula, analo kwenye sala. Nikajaribu kusema daktari kamkataza kusoma mwezi mzima. Mke wangu akasema daktari hakusema hivyo. Nikajitolea kulifuta vumbi. Mzee akasema sasa anaona, atalifuta mwenyewe.

Jumamosi, 9 Machi

Shemeji kafika saa nne. Barazani viti vitatu, kiberiti, sahani ya majivu. Mke wangu naye akavuta kiti. Nilikuwa natoka jasho mpaka kwenye vidole vya miguu.

Mzee akafungua boksi, cheti kikiwa juu kimezifunika sigaa. Akasema kabla ya kuwasha atatusomea cheti, maana siku alipoletewa macho yalishaanza ukungu na hakuwahi kukisoma vizuri. Akakikunjua. Akasoma boksi mia tatu. Akasoma namba 212. Akakisogeza karibu na jicho. Kisha akasoma herufi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza, mpaka akaifikia A ya mwisho.

Wote wakanitazama mimi. Ni nani mwingine kwenye ukoo huu ana muhuri?

Nikasema yote. Kopo la biskuti, kabati, Mifereji na Misiba. Nikasema sikutaka kumwibia, nilitaka kuziokoa tu. Mke wangu akaniangalia kwa namna ambayo sitaki kuangaliwa tena. Nikajua hata ukarani wangu kwa Mzee umekwisha.

Mzee akaanza kutikisika mabega. Nikadhani ni hasira. Alikuwa anacheka. Akacheka mpaka binti yake akamwambia aangalie jicho.

Akasema hizo nilizozifungia kabatini nazo ni za dukani. Zake za kweli alizivuta sita mwezi ule ule alioletewa, nyuma ya banda la kuku, peke yake, kwa raha zake. Kwa kuwa shemeji alimwagiza azitunze kwa siku kubwa, akaona haya. Akanunua saba za kawaida, akaitwaa mikanda sita ya zile alizovuta, akaibandika kwenye hizo kwa uji wa ngano. Ya saba haikupata ukanda. Kwa hiyo nimeiba feki nikaweka feki. Miaka mitatu alikuwa akiogopa siku ya kuziwasha, maana shemeji angejua kwa mvuto wa kwanza, ila jicho likipona hakuwa na kisingizio tena.

Shemeji akasema maneno ya siku kubwa aliyasema tu ili zawadi ionekane ya maana.

Nilihisi kama mtu aliyetuliwa gunia la saruji kichwani. Nikaenda mbio masjala nikamrudishia Mzee kopo la sigaa zake, kisha tukawasha zile nilizonunua mimi, tukakohoa, tukacheka. Mke wangu akanisamehe kwenye sigaa ya pili.

Kisha Mzee akatoa kasha lake la zamani la miwani. Ndani, sigaa moja yenye ukanda wa kijani. Ile ya saba, ya kweli. Aliibakiza kwa ajili ya siku atakayouona moshi. Akanipa mimi. Akasema mtu anayehangaika hivi kwa ajili ya sigaa za watu anastahili moja yake. Akasema, vuta leo hii, mwanangu.

Mwanangu. Shemeji alisikia. Mke wangu alisikia.

Niliinusa: asali, ngozi, na mbao iliyopigwa randa. Nikasema nitaivuta kesho nikiwa nimetulia.

Jumapili, 10 Machi

Bila shaka sikuivuta. Ni ya mwisho ya namba 212! Jana jioni niliitia kwenye bahasha ya kazini, nikafunga kwa gundi, nikaandika kwa herufi kubwa nyekundu: ASILIA. ISIFUNGULIWE. Nikaiacha juu ya kabati la sebuleni ili kesho niende nayo masjala. Faili nimeshalipa jina.

Leo asubuhi nimemkuta Mzee barazani, jicho moja limefumbwa, lile jipya linafuata moshi unavyopanda. Alikuwa anavuta sigaa yenye ukanda wa kijani. Nikaingiwa na huruma. Nikamwambia ile mikanda aliyoibandika kwa uji inafanana kabisa na ya kweli, mtu asiyejua angedanganyika. Akasema dunia imejaa nakala, mwanangu. Baraza zima lilinukia asali na mbao mpya. Nadhani jirani anatengeneza kitanda.

Bahasha ipo salama. Gundi ina unyevunyevu kidogo, ni hii hali ya hewa. Nimeipapasa, sigaa imo. Sitaifungua kwa miaka kumi.