Tyubu Iliyozimika

Jumatatu, 4 Agosti
Sijawahi kumwambia mtu hili: nikielezwa jambo nisilolielewa, naitikia kwa kichwa, kisha nalitafuta kitabuni. Leo kitabu nilikiacha nyumbani.

Shangazi ni mtafiti katika maabara ya bakteria. Ametuleta mimi na binamu yangu, Mjuaji, kwa wiki moja. Mkuu wake atachagua mmoja wetu abaki likizo nzima. Mmoja tu. Koti jeupe nimeliota tangu darasa la tano.

Shangazi alieleza: bakteria wetu wana protini inayong'aa kijani, nayo imetiwa kijimkia. Ukiwawekea sukari fulani, kimashine kilichomo ndani yao kinaamka na kukatakata kila chenye mkia. Akauliza kama nimeelewa. Nikaitikia. Mjuaji aliuliza maswali saba. Kujipendekeza tu.

Jumanne, 5 Agosti
Nimepewa tyubu mbili za kioo zenye bakteria. Ya kwanza nimeitia sukari, ya pili sikuitia. Baada ya saa mbili nikazimulika kwa taa ya bluu. Ya kwanza giza tupu. Nimewaua!
Mjuaji alikuwa msalani. Haraka nikamwaga wafu, nikagawa tyubu ya pili nusu kwa nusu. Zote mbili zinang'aa. Nimeokoka.

Jumatano, 6 Agosti
Tyubu ya Mjuaji imezimika. Wamempongeza. Kwa kuzima!
Shangazi akanikalisha kitako. Akasema, mwanangu, kuzimika ndiko tunakokutaka. Tunaondoa protini moja tu, bakteria akibaki hai, tuone atashindwa kufanya nini. Ni kama kumfichia mama yako mwiko ili ujue mwiko una kazi gani jikoni.
Mjuaji akasema mimi nikitumwa kuficha mwiko nitachoma nyumba.
Nimepewa nafasi ya pili.

Alhamisi, 7 Agosti
Sukari nimetia. Mwanga unafifia kwa mwendo wa kinyonga. Shangazi akasema nisubiri, akaenda mkutanoni. Mkuu alikuwa anakuja saa tisa.
Saa tisa kasoro kumi nikaona dawa ya madoa, ile ya kung'arishia nguo nyeupe, chini ya sinki. Matone manne. Giza safi kabisa. Kwenye lebo nikaandika: wako hai.
Mkuu akachukua tone la kila tyubu, akalipaka kwenye sahani yake ya chakula cha bakteria, aone kesho kama wataota. Hilo sikulitarajia.

Ijumaa, 8 Agosti
Sahani ya Mjuaji imejaa vidoadoa vya bakteria walioota. Yangu ni tupu, safi kama imeoshwa leo. Mkuu akainusa tyubu yangu, akamtazama Shangazi. Shangazi akatazama viatu vyake. Hilo liliniuma kuliko kelele.
Koti kapewa Mjuaji. Mimi nimepewa chupa za kuosha, zile atakazooteshea bakteria Jumatatu.
Nimeziosha hamsini. Nilitaka Shangazi aone ninavyojituma, kwa hiyo nikazimalizia kwa dawa ya madoa, chupa nzima. Sikuzisuuza, harufu ya usafi isipotee. Nikazipanga kabatini, nikafunga mlango, nikaenda nyumbani.