Mjomba, Kwaya na Dumu la Maji

Leo nimevuliwa nguo mchana kweupe, hapa hapa Newala. Nawaambia mwenyewe kabla video haijawafikia.

Dada yangu, Mama Zai, alikuwa anamtoa binti yake unyago. Kazi ya kuleta kikundi cha ngoma alinipa mimi, mjomba wa mwali, maana kwa kupatana bei ukoo mzima hakuna wa kunifikia. (Niliamini hivyo hadi asubuhi ya leo.) Alitaka Nyota ya Uwanda na si wengine. Wakwe zake wa Masasi walikuwa wanakuja, na hao husema sisi tumesahau mila.

Wiki iliyopita, sokoni Masasi, nikakutana na bwana mmoja kavaa fulana ya Nyota Njema ya Uwanda. Nikajisemea, nyota ni nyota. Tena bei ilikuwa chini! Hilo "Njema" nikalichukulia kama nyongeza ya bure.

"Mko wangapi?" nikauliza.

"Tuna sauti nne, mzee."

"Nne chache! Weka sita, la sivyo naita wengine."

Akanitazama kwa huruma. Nikajua nimemshika.

Leo gari likafika. Wakashuka watu wenye majoho ya zambarau. Nikawahesabu. Nikahesabu tena, nikitafuta ngoma. Kinanda kimoja.

Mama Zai akanivuta pembeni. "Kaka, hawa umewaleta wamzike nani?"

Badala ya kukimbia, udadisi ukanishika; nikamgeukia yule bwana wa fulana, kumbe ni mwalimu wa kwaya. "Mwalimu, mbona mnaitwa kama wale wa ngoma?"

"Wale walikuwa wanakwaya wetu. Walipojitenga waliondoka na jina, kasoro 'Njema'. Na mpiga ngoma."

"Leo wako wapi?"

"Mnyambe. Wana harusi."

Mlangoni kungwi, bibi mkavu, kakunja mikono. "Bila ngoma mwali hatoki." Wakwe wakaanza kunong'ona.

"Shikamoo bibi, naomba tuelewane kidogo..."

"Marahaba. Hapa si sokoni. Mjomba hajaleta ngoma, mjomba apige."

Nikapewa dumu la maji, tupu. Akina mama wa kwaya, ambao nao walichezwa unyago usichanani, wakafunga kanga juu ya majoho, wakaanzisha wimbo wa kumtoa mwali. Kwa sauti zote nne, ya kwanza hadi besi! (Sasa nazijua.) Nikapiga dumu. Kinanda kikanikimbiza, nikakikimbiza, hatukukutana.

Mwali akatoka, macho chini. Ndivyo alivyofundwa: hatazami mtu, hacheki. Akafika mbele yangu. Akainua macho.

Akacheka mpaka akakaa chini.

Kungwi akashika kichwa. Dada akajifunika kanga usoni. Kisha mama mkwe wa dada, yule tuliyekuwa tunamwogopa, akaangua kicheko, akamwinua mwali na kumtunza kanga mpya mbele ya watu wote.

Akanigeukia. "Baba, wewe na dumu lako mnapatikana lini? Nina mjukuu kule Chiwata, naye yuko unyagoni."

Nimemwambia bei haipungui.

Nanyi nawaomba msicheke. Atakayeshindwa kujizuia, tupatane kwanza.