Tundu la Kulia

Jumapili, 27 Juni 1999

Kimefika! Kisanduku changu cha ekoo, cha kutia mwangwi kwenye gitaa, kwa basi kutoka Mwanza, kimefungwa ndani ya kanga. Shemeji Shija amekipata kwa mtu aliyetoka Dubai. Cha dijitali. Kina kioo kidogo kinachoandika namba nyekundu. Bariadi nzima hakuna mwingine mwenye kitu hiki, na tangu asubuhi nimehakikisha Bariadi nzima inajua.

Kimekuja wakati wake. Mzee Luhaga, wakala wa kampuni mpya ya pamba, anafungua kituo cha kununulia kule Migato siku ya Sabasaba. Siku hizi wanunuzi ni wengi na mkulima anachagua amuuzie nani, kwa hiyo mzee anataka muziki wa kuvuta watu. Mpiga gitaa mmoja tu, juu ya lori, kijiji kwa kijiji, msimu mzima. Tunaogombea ni wawili. Mimi, na Constantine wa kwaya, ambaye ni mashoto na hupiga gitaa kinyumenyume. Nafasi hiyo naitaka kuliko kitu chochote. Nimechoka kukung'uta mitumba sokoni.

Kisanduku kina matundu mawili ya kutolea sauti: LEFT na RIGHT. Spika yangu ni moja. Nimefungua kamusi. Right ni kulia. Basi! Gitaa linatakiwa lifanye nini kama si kulia? Left ni kushoto, na tena ni kuachwa. Nimeliacha. Nimeliziba kwa kitambaa lisiingie vumbi.

Jumatatu, 28 Juni

Nimepiga. Kimya. Nikashusha mkono, ndipo sauti ikaja, nyembamba, ya mbali, kama mtu aliyeitwa akamalizia kwanza kutafuna. Nikapiga tena. Kimya. Halafu ikaja. Mke wangu Minza amesema kinasikia kama baba yake.

Sikukasirika. Nimesoma kitabu chake cha Kiingereza mpaka ukurasa wa mwisho. Kumbe ndani mna programu, programu ina toleo, na hili langu ni la kwanza. La pili lipo! Tatizo nimeliona. Nchi imeingia soko huria, kisanduku bado kimepanga foleni duka la ushirika.

Jumanne, 29 Juni

Nimempigia Shija simu pale posta. Nikamweleza sauti inachelewa. Akauliza waya wa spika nimeuchomeka tundu gani. Nikasema la kulia. Akasema kama ni la kulia mbona halilii. Nikamwambia hilo ndilo ninalomuuliza yeye! Tukazunguka hapo hapo mpaka karani akatukoholea. Mwisho tumekubaliana ni programu. Yuko fundi Mwanza anayebadilisha chipu, anatoa ya toleo la zamani na kupachika mpya.

Kisanduku kimeondoka na basi, pamoja na jogoo wa Minza kwa ajili ya fundi. Jioni Minza alikuwa anamtafuta jogoo wake. Nimemsaidia kutafuta. Nimeangalia hadi juu ya paa.

Ijumaa, 2 Julai

Kimerudi! Kioo kinaandika 2.0. Raha iliyoje.

Konda amesema shemeji amempa neno moja la kunifikishia: kushoto. Zaidi ya hapo hakukumbuka, maana abiria walikuwa wanamzonga. Nimelifikiria njia nzima. Kushoto kwa nani? Kwangu, bila shaka. Nikakihamisha kisanduku kutoka kando ya mguu wa kulia nikakiweka kando ya mguu wa kushoto. Tofauti ni kubwa mno! Sauti bado inachelewa, lakini sasa inachelewa kwa heshima.

Jumamosi, 3 Julai

Constantine amekuja kusalimia. Salamu za mwangaluka nyingi, macho yote kwenye kisanduku. Akauliza kwa nini nimeziba tundu la kushoto. Jasusi! Nimekifunika kwa shuka, nikamuuliza habari za kwaya.

Alipoondoka nimegundua dawa. Sauti ikichelewa, mimi niwahi. Nitaanza wimbo kabla haujaanza. Sijui kwa nini wapiga gitaa wengine hawajalifikiria jambo hili.

Jumatano, 7 Julai. Sabasaba

Migato ilifurika. Mizani imetundikwa, mafurushi ya pamba yamepangwa, Mzee Luhaga kavaa koti. Niliomba nianze mimi.

Nikapiga. Kimya. Watu wakautazama mkono wangu. Halafu sauti ikaja. Wakaguna! Nikapiga tena, na Mayu Nyanjige, mama aliyeleta pamba kuliko wote, akasema yuko mtu chini ya lori anayejibu. Wakainama wote kumtafuta. Foleni ya mizani ikavunjika. Wazee wakasema mtu huyo afunguliwe kwanza, kwa sababu hawawezi kuuza pamba mahali alipofungiwa mtu. Wengine wakaanza kujitwisha mafurushi yao. Mzee Luhaga akaja kunishusha mwenyewe, kwa kunishika mkono.

Hapo akili yangu ikafanya kazi. Nikamwazima Constantine kisanduku. Mbele ya watu, kwa tabasamu. Aaibike na yeye! Akanishukuru, aking'oa kitambaa. Akahamishia waya tundu la kushoto. Akapiga kwa ule mkono wake.

Papo hapo! Sauti nene, imeshiba, na mwangwi mtamu ukiifuata nyuma. Mayu Nyanjige akatua furushi akacheza. Wengine wakarudi mizani wakicheza. Nilitaka kulia, lakini miguu yangu ilikuwa imeshaanza kucheza.

Constantine amepata nafasi. Njiani kurudi amenieleza kwamba sauti yenyewe hutokea kushoto, kulia hutoka mwangwi peke yake, na mwenye spika moja achomeke kushoto. Eti imeandikwa pale pale pembeni ya tundu. Nimemsikiliza kwa upole. Mtu akishinda huwa na maneno mengi.

Lakini kisanduku ni changu, na Mzee Luhaga hataki tena muziki usio na kisanduku. Kwa hiyo na mimi nimo! Msimamizi wa Kisanduku, juu ya lori, msimu mzima. Constantine anapiga tu. Mimi nasimamia.

Alhamisi, 8 Julai

Siku njema sana. Nimelala vizuri na nimeamka na jibu.

Constantine ni mashoto! Tundu la kushoto ni la mashoto. Toleo la pili limetengenezwa kwa ajili yao, ndiyo maana fundi wa Mwanza hakuona kasoro. Huenda na yeye ni mashoto. Nimempigia Shija atafute toleo la tatu, la watu wa mkono wa kulia. Akaanza kucheka, halafu simu ikakatika. Laini za siku hizi. Kitambaa nimekirudisha kwenye tundu lake, vumbi la pamba ni baya.

Nikiwa nangoja toleo la tatu, nimeamua kujifunza kushoto. Nimeanza na ugali wa mchana. Nikamega tonge kwa mkono wa kushoto mbele ya baba mkwe, aliyekuja kuulizia habari za yule jogoo. Mzee kaacha kutafuna. Minza akaivuta sahani, akaniuliza mkono wangu wa kulia una nini.

Nimemwambia programu yake ni ya zamani.